Mwalimu wa Michezo Hakai

Habari ilipotufikia kwamba Mkufunzi ameanguka kutoka juu ya mkorosho na kuvunjika nyonga, hakuna aliyeuliza kama atapona. Sisi tulikuwa wanafunzi wake wa zamani, walimu wa michezo tuliotawanyika kuanzia Masasi hadi Newala na kwingineko, na katika kundi letu la simu kila mtu aliandika swali lile lile kwa maneno yake: sasa atawaza vipi? Asiyemjua angeona ni swali la ajabu. Aliyevunjika nyonga huombewa mfupa uunge, asipate vidonda vya kulala, apate mkongojo mzuri. Lakini sisi tulijua kwamba mzee yule hajawahi kuwaza jambo lolote akiwa amekaa. Akili yake ilikuwa miguuni. Asipotembea hawazi, asipowaza hacheki, na asipocheka tungekuwa tumeshampoteza hata kama bado anapumua.

Ninamwita Mkufunzi kwa kuwa hivyo ndivyo tulivyomwita chuoni, na hata mkewe alimwita hivyo siku za hasira. Alifundisha elimu ya michezo katika chuo cha ualimu pale Masasi kwa miaka mingi, akiwa na fulana moja ya bluu ambayo nadhani ilikuwa fulana tatu zinazofanana. Kwenye vikao vya wakufunzi aliwekewa nafasi karibu na mlango. Jambo gumu likizuka, alitoka nje, akazunguka jengo, kisha akarudi na maoni yake wakati wenzake wameshahamia ajenda nyingine. Ikafikia hatua wakawa wanamsubiri. Mitihani yetu aliisahihisha akitembea, karatasi mkononi, na ukitaka kujua kama jibu lako limemtatiza ulitazama tu nyayo zake ukumbini. Hata kanisani alisimama nyuma kabisa pamoja na kina mama wenye watoto wanaolia, na padri alishazoea.

Kwenye miguu hiyo ndiko ilikotoka kanuni yake kuu, aliyoirudia mpaka tukaiota: mwalimu wa michezo hakai. Mwalimu wa hesabu akikaa, alisema, hesabu zinaendelea, lakini wewe ukikaa, uwanja mzima unakaa na wewe. Aliyekutwa ameketi uwanjani aliambiwa azunguke mpaka Mkufunzi atakaposema basi. Na Mkufunzi alikuwa msahaulifu wa kupindukia, kwa hiyo adhabu ile ilikuwa na hatari zake.

Msidhani alikuwa mkali. Alikuwa na kicheko kilichoanzia puani, kikakaa humo kwa muda kama kinatafuta njia, kisha kikatoka chote mara moja. Tulikisikia tukiwa bwenini, yeye akiwa ng'ambo ya uwanja. Filimbi hakuitaka kabisa, alisema filimbi humfanya mwanafunzi awe mbuzi. Alipiga makofi, na makofi yake tuliyatofautisha: ya kuanza, ya kusimama, na ya "mmenifurahisha, rudieni."

Jambo alilolijali kuliko ushindi wowote lilikuwa namna mtu anavyowaza na kama ana furaha, na kwake mambo hayo yalikuwa ndugu wa tumbo moja. Kila asubuhi, kabla hatujaanza mazoezi, aliuliza nani ana furaha. Walionyosha mikono walianza kukimbia. Wasionyosha walitembea naye pembeni mwa uwanja, taratibu, wala hakuuliza sababu. Mara nyingi alizungumzia mihogo yake. Ukishazunguka naye kidogo ulijikuta unakimbia bila kuambiwa, na yeye akageuka kumchukua mwingine. Kulikuwa na wajanja waliokataa kunyosha mkono ili wasikimbie. Hao aliwajua, na habari za mihogo kwao zilikuwa ndefu sana.

Imani yake ilikuwa kwamba anayenuna uwanjani si mvivu. "Huyo anawazishwa kwa kichwa cha mwenzake," alituambia. "Mrudishieni kichwa chake muone kama hatacheka." Vitabu vya somo letu vilikuwa na maneno marefu kuhusu jambo hilo. Yeye aliyafupisha kwa korosho.

Wiki ya kwanza ya mwaka wetu, badala ya kutupeleka uwanjani, alitupeleka kwenye mikorosho ya chuo nyuma ya mabweni, akampa kila mmoja wetu ndoo na kutuambia tuokote. Hakusema zaidi. Msimu ulikuwa umechanganya na mabibo, matunda yenye korosho zake, yalikuwa yametapakaa chini, ya njano na mekundu. Sisi sote tumezaliwa kwenye korosho, tukaona ni kazi ya kutufanya vibarua, tukanung'unika na kuinama. Kumbe alikuwa anatutazama tunavyookota. Wako walioanzia kwenye shina wakatoka kidogo kidogo kwa mduara, hawaruki hata moja. Wako waliokimbilia popote walipoona wekundu. Wako waliongoja kwanza wenzao wapite, kisha wakaokota yaliyosahaulika, na ndoo zao hazikuwa nyepesi hata kidogo. Na alikuwapo rafiki yangu Chilumba, aliyesimama katikati akiwaonyesha wengine kwa kidole mahali pa kuokota, na ndoo yake ikajaa nisijue imejaaje.

Tulipomaliza, Mkufunzi alitugawa. Wa shina, wa rangi, wa masazo, wa mdomo. Akasema katika mpira wa pete au wa miguu au mbio, kila mmoja ataanzia kwenye namna yake, na asilazimishwe namna ya mwingine mpaka ajue ya kwake. Kisha akanifikia mimi. Mimi nilikuwa nimekaa chini. Nilikaa tangu mwanzo, nikautazama mti na ardhi yake mpaka nikaona palipo na mengi, ndipo nikainuka, nikaenda moja kwa moja, nikaokota, nikarudi kukaa. Mkufunzi aliuzunguka mkorosho mzima akiwaza. Aliporudi alisema hajui aniweke wapi.

Niseme ukweli, mimi michezo sikuichagua. Niliomba somo jingine, nikapangiwa hili, na nilikuja Masasi nimenuna kutoka kwetu Newala. Nilikuwa na mwili wa kutosha na pumzi ya kutosha, ila nilikuwa mzito wa kuamua. Mpira ukinifikia nilitaka kwanza kuuelewa. Wenzangu waliufuata, wakauelewa baadaye. Asubuhi nyingi za mwaka ule sikunyosha mkono, na sikuwa mmoja wa wale wajanja. Habari za mihogo ya Mkufunzi nilizijua zote, tangu alivyoing'oa mapema hadi nguruwe walivyomlia.

Katika kutembea huko ndiko utani wetu ulikokomaa. Yeye ni Mmakua wa Lupaso, mimi Mmakonde, na watu wetu ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo aliruhusiwa kunisema na mimi niliruhusiwa kumjibu, almradi shikamoo itangulie. Alidai sisi wa juu kule Newala tunaoga umande kwa kukosa maji. Nilimjibu kwamba ninyi wa bonde mna maji na bado hamwogi. Siku ile alicheka mpaka Chilumba, aliyekuwa anakimbia, akasimama kusikiliza, naye akaambiwa azunguke.

Maji yenyewe yalimpa shida kubwa kwa sababu muhtasari wa somo ulikuwa na kuogelea. Pale chuoni maji ya kuoga yalikuja kwa ndoo, na wengi wetu hatukuwahi kuona bwawa. Mkufunzi alizunguka uwanja kutwa nzima, kisha akaagiza mabenchi yatolewe nje. Tukalala juu yake kifudifudi, tukipiga mikono hewani na kugeuza shingo kuvuta pumzi, kundi zima la watu wazima, huku wapita njia wakisimama kutuangalia. Tulifaulu vizuri. Baadaye tulipopelekwa Mtwara kwa mashindano tukaiona bahari, Chilumba alimwomba Mkufunzi atangulie atuonyeshe. Mkufunzi akatazama mawimbi na kusema yeye ni wa mabenchi.

Alikuwa na mambo mengi ya namna hiyo yasiyopatana. Mkristo wa kusimama nyuma kanisani, lakini siku ya kwanza ya Ramadhani alifunga pamoja na sisi Waislamu ili ajue, alisema, miguu inawaza nini tumbo likiwa tupu, na saa tisa alasiri alikuwa anauliza jua limefika wapi. Alidai wakati ni mali, na hakuwahi kufika kwenye chakula kikiwa cha moto. Aliwachukia watu wanaosikiliza mpira redioni. Kuutazama mchezo umekaa, alisema, ni kula kwa mdomo wa jirani. Na alihubiri kwamba kila kichwa kina njia yake, ilhali yeye mwenyewe alikuwa na njia moja tu. Hilo hatukumwambia kwa kuwa hatukuliona wakati huo.

Siku iliyotufunga pamoja mimi na yeye ilikuwa siku ya kupimwa kwangu, nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi kule Mkunya. Alikuja yeye na mtahini kutoka nje, bwana mmoja mwenye viatu vilivyong'aa. Nisingefaulu pale, ualimu ningeusikia kwa wenzangu. Nilikuwa nimeandaa mbio za kupokezana vijiti, na kwa kuwa shule haikuwa navyo, asubuhi ile nilikata miti ya mihogo. Ningeiacha na maganda yake pasingeharibika kitu. Lakini nilitaka vipendeze mbele ya mgeni, nikavimenya vyote vikawa vyeupe. Mtu yeyote wa kwetu anajua mti mbichi wa muhogo ukimenywa unavyoteleza. Nilijua, nikasahau. Juu ya hayo, watoto walikuwa wametoka kula mabibo na viganja vyao vilikuwa vimelowa.

Vijiti vikaanza kuruka. Kila mtoto aliyepokea alidondosha. Mwanzoni walicheka, kisha wakasukumana, kisha msichana mmoja akalia kwa kuwa kundi lake lilimlaumu. Mtahini akaanza kuandika. Na mimi, mbele ya watoto na mgeni na aliyetunga kanuni mwenyewe, nikakaa chini kwenye vumbi na kufumba macho.

Nilimsikia mtahini akisema, "Mwalimu wenu amekaa?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshangaa kweli. Nilisubiri makofi ya Mkufunzi, yale ya kusimama. Badala yake nikamsikia akisema, bila kupandisha sauti, "Mwache akae, bwana. Yuko kazini."

Nilipofumbua macho nilijua. Niliwaambia watoto waviringishe vijiti kwenye vumbi na wasugue viganja humo humo. Waliipenda kazi hiyo kuliko mbio zenyewe. Wakasimama tena kwenye mistari wakiwa wachafu mpaka kwenye nyusi, na vijiti vikapita mkono kwa mkono hadi mwisho, na yule aliyelia ndiye aliyemaliza wa kwanza. Mtahini aliuliza jambo lile limo kwenye kitabu gani. Mkufunzi akamjibu kwamba kitabu bado. Kisha akakataa kupanda gari, akarudi mjini Newala kwa miguu kwa sababu, alisema, amepata jambo la kuwaza. Jambo lenyewe hakuniambia, si siku ile wala siku ya mahafali. Asubuhi ya kwanza niliporudi chuoni, alipouliza nani ana furaha, nilinyosha mkono, na nikakimbia.

Tangu hapo nimefundisha michezo hapa Newala, na hukaa uwanjani ninapotaka kuwaza. Wanafunzi wangu wamezoea. Mkufunzi alistaafu akarudi Lupaso kwenye mikorosho yake, na kila msimu wa kupogoa alipanda mwenyewe na msumeno, ingawa mkewe, Mama Anjela, alimkataza kila msimu. Tawi lililomwangusha alilikata yeye mwenyewe akiwa amelikanyaga. Angekuwa mzima tungemtania kwa hilo mpaka kaburini, lakini hapakuwa na aliyekuwa na moyo.

Chilumba ndiye aliyekwenda kumwona kwanza. Katika kundi tulikuwa tumekubaliana kumpelekea zawadi, na kwa huzuni tuliyokuwa nayo tukafanya kosa ambalo sisi wanafunzi wake hatukupaswa kulifanya kabisa: tulimnunulia televisheni ili atazame mpira akiwa amelala. Sisi, tuliosikia mara zote zile habari ya kula kwa mdomo wa jirani. Chilumba alirudi. Alisema Mkufunzi alitazama kasha lile na kusema asante. Asante tupu, bila neno jingine, akageukia ukutani.

Baadaye Mama Anjela akanipigia. Alisema mwenzetu anakula, anaitikia salamu, lakini ametuacha. Amewekewa kitanda karibu na dirisha na hatazami nje. "Mama Zuhura," akaniambia, "njoo wewe mtani wake. Labda ukimtukana atakasirika."

Nilimwambia nitakuja shule zikifungwa. Kati ya hapo na likizo nilijishughulisha na kila kitu nisije nikafikiria, na simu ikiita nilikuwa naiangalia kwanza kabla ya kuipokea. Nilimpenda mzee yule. Sikutaka kumwona amelala kimya kisha hiyo ndiyo iwe picha nitakayobaki nayo.

Siku ya safari nilishuka Masasi, nikachukua bodaboda hadi Lupaso. Njia nzima nilipanga matusi ya utani na yote yalikuwa mabovu. Kwenye baraza la nyumba moja nikaona televisheni mpya imezungukwa na wazee, nikaijua, nikaona basi, ameigawa, mtu anayegawa vitu vyake anajiandaa. Tulipokaribia kwake mwendesha bodaboda akazima pikipiki tuuvuke mchanga kwa kusukuma. Ndipo nikakisikia. Kilianzia puani, kikakaa, kikatoka chote. Nilisimama pale kwenye mchanga, nikashika usukani wa pikipiki ya watu, machozi yakanitoka na nikashusha pumzi niliyoibeba tangu Newala. Yule kijana akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, hakuna.

Mkufunzi alikuwa uani, kwenye kiti cha mbao kilichowekewa mto, mkongojo umeegemezwa ukutani. Amekonda, fulana ya bluu inampwaya. Mapajani alikuwa na ungo, na juu ya ungo korosho zimepangwa, nyingine ghafi na nyingine zimebanguliwa maganda. Wasichana wa timu ya mpira wa pete ya kijiji walikuwa wamemzunguka, wote wameketi chini.

"Shikamoo, Mkufunzi."

"Marahaba, ntani. Nasikia umeniletea sanda."

"Ilikuwa fupi. Nimeirudisha dukani."

Akacheka tena, na safari hii nilikuwa karibu, nikakiona kicheko kikipita usoni kote. Aliwaambia wasichana kwamba huyu ni Mmakonde anayeoga umande, wamwamkie. Wakaniamkia. Akaendelea na kazi yake, akisogeza korosho moja kwenye ungo na kumwuliza msichana mrefu angekuwa yeye angempa nani mpira. Msichana alifumba macho kabla ya kujibu. Nikaona wenzake nao wamefumba.

Wasichana walipoondoka kwenda uwanjani alinieleza. Alisema miezi ya kwanza kichwa kilijifunga kabisa. Alilala akisubiri wazo lije na halikuja, na aliona afadhali angevunjika shingo. Kisha siku moja, Mama Anjela alipokuwa anapepeta nje ya dirisha, vumbi likaingia ndani likampalia, na vumbi lile likamkumbusha Mkunya.

"Unajua siku ile niliwaza nini njia nzima?" akaniuliza. "Niliwaza, kumbe kuna watu akili zao zinakaa. Nikafika Newala nimekubali. Lakini nilisema, hiyo ni yao, mimi hainihusu." Akagonga mguu wake mbovu kwa kidole. "Ile kanuni yangu, mwanangu, ilikuwa ya miguu hii tu. Nikaona basi, ngoja nimwige yule mtoto wa Kimakonde. Nikamwambia Mama Anjela anikalishe."

Siku za mwanzo, alisema, alifumba macho akalala usingizi. Akaendelea kulala usingizi kwa muda, na Mama Anjela akafurahi kwamba angalau anapumzika. Halafu asubuhi moja, macho yamefumbwa, akaona uwanja wa chuo na watu ndani yake, wanakwenda, na yeye hatembei. Aliogopa mpaka akafumbua. Kisha akaomba ungo.

Nilitaka kusema jambo la maana. Nikainama nikajifanya natazama korosho. Kutoka uwanjani tulianza kusikia wasichana wakiitana majina, na mpira ukidunda.

"Mimi bado mchanga katika hili," akasema Mkufunzi. "Wewe umelianza zamani. Ukifumba macho unaona nini kwanza?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nilifikiri, nikamwambia kwamba sioni watu, nasikia kwanza. Nasikia mahali ambapo kelele zimebadilika, halafu ndipo naona kwa nini. Akalitafuna neno lile. Zamani angeinuka akazunguke nyumba. Niliuona mkono wake ukielekea kwenye mkongojo, ukasita, ukarudi.

"Kaa," akaniambia.

Nikakaa chini kwenye vumbi karibu na kiti chake. Tukafumba macho sote wawili, tukawasikiliza wasichana. Mama Anjela akatoka jikoni akasema ugali umeiva, tena leo haupoi mtu asijidanganye.

"Ngoja kwanza, Mama Anjela," akasema Mkufunzi, macho yamefumbwa. "Tumekaa."